Kijiji Kisicho na Wenye Nyavu

Tarehe tisa Machi tulimzika kaka yangu Maganga. Baada ya matanga wifi yangu aliniletea lile boksi la kompyuta lililokuwa dukani kwa marehemu, akasema labda mimi nitajua la kufanya nalo. Nililipeleka kwa fundi mjini. Alilifungua, akaliwasha, akasikiliza diski ikigongagonga ndani kama mdudu kwenye debe, kisha akazima. "Pole dada," akasema. "Humu hamna kitu tena." Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa nimepoteza vitu viwili, kaka yangu na kijiji alichonitengenezea nilipokuwa mtoto.

Mchezo wa asili, ambao ndani yake alikitengeneza kijiji hicho, haujapotea. Niliutafuta kwenye simu nikaupata kabla chai yangu haijapoa. Kuna watu wa nchi za mbali ambao kazi yao ni kukusanya mafaili ya michezo ya zamani ya mkononi na kuyatunza, na wanayaandika majina kwa utaratibu mmoja: kwanza jina la mchezo, halafu kwenye mabano nchi uliyotoka, halafu toleo. Umo humo, mzima kama ulivyotoka kiwandani, na unaweza kuupakua bure. Wa kaka yangu haumo popote, kwa sababu alitengeneza mmoja tu, kwa ajili ya mtu mmoja.

Wa rika langu mtavikumbuka vile vigemu vya Kichina, vya plastiki, vyenye kioo kidogo na vitufe vinavyolia, vilivyokuwa vikitumia kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Wengi wenu mlivichezea barazani, mkinyang'anyana na kutukanana. Mimi nilichezea changu, ambacho hakipo tena, ndani, peke yangu, mlango ukiwa umefungwa kwa kufuli.

Nina ualbino. Nyumbani kwetu Tabora mjini nilikuwa mimi peke yangu. Nilianza darasa la kwanza kama watoto wengine, nikiwa na kofia pana na mikono mirefu ya shati, nikinukia mafuta ambayo Mama alinipaka mpaka masikioni. Halafu zikaja habari za mtoto wa kijiji fulani. Mama hakunieleza ni habari gani. Alizisikia kwenye redio akiwa anapika, akazima redio, akazima na jiko, na kesho yake sikwenda shule. Wala kesho yake nyingine.

Baba alikuwa Urambo kwenye tumbaku na alikuja msimu ukiisha. Mama alishona nguo sokoni. Kaka Maganga, aliyenizidi miaka mingi, alikuwa fundi simu kwenye kibanda karibu na stesheni. Wote wawili walitoka asubuhi, na Mama alinifungia. Nilikuwa na chungu cha uji, ndoo ya maji, ndoo nyingine, na dirisha lililopigiliwa bati hadi juu, ukabaki upenyo wa kuingiza hewa. Mji wote niliujua kwa masikio. Nilijua treni ya Mwanza na treni ya Kigoma kwa jinsi zilivyopiga honi. Nilijua saa ya mapumziko shuleni kwa kelele, na kelele hizo ndizo zilizoniumiza kuliko kitu kingine, kwa sababu nilitambua sauti za watoto niliokaa nao dawati moja.

Nilimwuliza Mama mara moja kwa nini nafungiwa. Alikuwa anasuka nywele zangu. Akasema, "Barabara ya mji huu imechukua watu tangu zamani, mwanangu. Na wewe hawatakuchukua." Shuleni tulikuwa tumefundishwa habari za misafara, watu waliofungwa minyororo wakipitishwa hapa kwenda pwani. Kwa hiyo nikaelewa kitoto, kwamba misafara ile haikuwahi kukoma, na kwamba nje ya geti letu bado inapita kimyakimya, ikichukua watu wa rangi yangu. Nilikaa na picha hiyo muda mrefu bila kumwambia mtu.

Kaka Maganga ndiye aliyeona kuwa naharibika. Siku moja alirudi mchana, jambo ambalo hakulizoea, akanikuta nimekaa chini nikigongagonga kichwa ukutani, taratibu tu, kama mtu anayepiga ngoma. Kesho yake alikuja na kigemu.

"Kimepasuka kioo, mwenyewe kakisusa," akasema. "Nimekiwekea kioo kingine. Shika, Mdogo."

Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu nilioupenda. Ulikuwa wa Kijapani. Mtoto mwenye kofia anabeba taa kutoka nyumba hadi nyumba kwenye kijiji, na watu wenye nyavu wanatoka vichakani kumfukuza. Akipeleka taa zote kabla hawajamkamata, anaingia nyumbani kwao na mlango unafungwa. Sikuwahi kumfikisha. Macho yangu ni hafifu, nilishika kioo mpaka kikagusa pua, na ule mwanga mweupe wa kijiji uliniumiza kiasi cha kutoa machozi. Kabla sijaona wavu unatokea wapi, nilikuwa nimeshanaswa.

"Unaumia macho?" Maganga akauliza.

"Kijiji kina jua sana."

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akakichukua kigemu, akakitazama kwa karibu kama ninavyotazama mimi, pua kwenye kioo.

Kibandani kwake simu za kutengeneza zilikuja na kadi ndani, na kadi zilikuja na michezo. Mchezo mmoja ulifika Tabora kwa majina mengi: mwingine ameuita GEMU KALI, mwingine MTOTO MBIO, mwingine MPYA MPYA USIFUTE. Maganga aliichambua hiyo michezo kama Mama alivyochambua mchele. Alikuwa na programu iliyosoma faili lote na kutoa namba moja ndefu, na kama mafaili mawili yalitoa namba ileile, alijua ni kitu kimoja hata kama majina hayafanani. Iliyopungua kipande aliiweka kando. Iliyo mizima aliirudishia jina lake la kweli, na nchi kwenye mabano. Wateja walimcheka. "Fundi, wewe unaibatiza michezo?" Naye alijibu, "Ndiyo, na wewe lete simu yako nayo nikaibatize, haijui hata jina la mama yake."

Jumapili baada ya kanisa Mama alimruhusu anipeleke kibandani, nikiwa nimefunikwa khanga kichwani mpaka nyayo kama mtu mgonjwa, kwenye baiskeli, mwendo wa haraka. Alifunga mlango wa kibanda kwa ndani, nikakaa karibu na kompyuta. Hapo ndipo nilipomwona akifanya kazi ile. Alifungua faili la mchezo, na badala ya mtoto na taa zikatokea safu za namba na herufi, ukurasa juu ya ukurasa. Alibadilisha moja, akahifadhi, akajaribu. Mara nyingi mchezo ulikataa, ukatoa mistari ya rangi na mlio mbaya. Alirudi nyuma, akajaribu nyingine.

Lakini kabla ya kugusa chochote alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata akiwa na haraka. Alinakili faili kwanza. Nakala akaiongezea alama mwishoni mwa jina. La asili hakuligusa kamwe.

"Mbona unafanya mawili?" nikamwuliza.

"Ukibadilisha kitu, useme kwenye jina kwamba umebadilisha. Mtu mwingine akikipata asije akadhani ndivyo kilivyozaliwa."

"Na hilo lingine?"

"Hilo linabaki lilivyo. Hata kama baya. Usipolitunza, siku moja hakuna atakayejua mwanzo lilikuwaje."

Nilimsikia, lakini sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natazama kijiji kikigeuka. Kwanza alikifanya kiwe jioni, rangi ya zambarau na bluu, na macho yangu yakapumzika. Kisha akatoa herufi za Kijapani akaweka herufi zetu, kubwa, moja moja. Kisima kikawa bomba la maji la Cheyo, mtaa wetu. Nyumba ya mwisho ikawa kwetu. Barabara yenye miti akaiita njia ya Kwihara, kwa sababu njia ya kweli ya kwenda Kwihara ina miembe. Siku nyingine nilipowasha kigemu, mtoto mwenye kofia alikuwa na uso wa waridi, na chini ya kofia kulikuwa na nywele rangi ya ndevu za mahindi.

Nilipiga kelele mpaka Mama akaja mbio kutoka jikoni. "Nini?"

"Mama, ni mimi!"

Mama alitazama kile kioo kidogo. Hakujua michezo, wala hakupenda umeme unavyoliwa na chaja. Lakini alikishika muda mrefu. "Maganga," akasema, "umemfanya mnene."

"Kwani si mnene?" Maganga akajibu, na sote tukacheka, na hicho ni kicheko ninachokikumbuka vizuri kuliko vyote vya nyumba ile.

Bado walinikamata. Sasa wenye nyavu walikuwa wanamkamata mtoto mwenye nywele zangu kwenye bomba la mtaa wetu, na nililia kwa namna nyingine kabisa. Nilikataa kula. Maganga akakaa nami, akaniuliza, nikamwambia sitaki tena, wananichukua kila siku. Akakiondoa kigemu, akaenda nacho kibandani. Jioni akakirudisha.

"Cheza," akasema.

Nilitoka na taa. Nikapita vichakani. Nikafika bombani, nikasimama, nikangoja. Hakuna aliyetokea. Nikaenda njia ya Kwihara mpaka mwisho na kurudi. Kijiji kizima kilikuwa kimya na cha zambarau, na mimi nikitembea ndani yake kama ninavyotaka.

"Wako wapi?"

"Kuna namba humu inasema watoke wangapi," Maganga akasema. "Nimeweka sifuri."

Naomba mnielewe nilivyokuwa nikifikiri. Nilikuwa mtoto aliyefungiwa. Kaka yangu alikuwa mtu anayefufua simu zilizokufa. Alikuwa amebadilisha rangi ya jua na macho yangu yakaacha kuuma kweli. Aliweka bomba, na bomba lilikuwepo kweli, nililisikia kila asubuhi, wanawake wakigombea zamu. Aliniweka mimi, na mimi nilikuwepo. Kwa hiyo alipowaondoa wenye nyavu, niliamini amewaondoa. Sikuona sababu ya mambo mengine yote kuwa kweli na hilo moja kuwa uongo.

Nilingoja. Asubuhi moja Mama alichelewa, akasukuma mlango bila kugeuza kufuli vizuri, na likabaki limening'inia. Nilivaa kofia. Sikubeba kitu. Nilitoka getini nikashika njia ile niliyoizoea kwenye kioo, kushoto kisha kushoto tena, na nikashangaa kwamba bomba lilikuwa mbali kuliko nilivyodhani na kwamba kuna jua kali namna ile.

Vijana wa baiskeli za abiria walikuwa kwenye kona. Mmoja akapiga mluzi. "Oya, dili hiyo! Inatembea yenyewe!" Wenzake wakacheka. Sikujua bado kuwa dili ni pesa inayolipwa kwa viungo vya watu kama mimi; nilidhani wananisalimu, nikawapungia mkono.

Sikufika bombani. Jua lilinifunga macho, kila kitu kikawa cheupe, nikasimama katikati ya barabara bila kujua kulia wala kushoto. Hapo mzee mmoja muuza mkaa aliteremka kwenye baiskeli yake, magunia mawili nyuma. Nilimsikia kabla ya kumwona, anahema.

"Mwangaluka, mama," akaniambia Kinyamwezi, kama anavyosalimiwa mtu mzima. "Kwenu wapi?"

"Shikamoo. Kwetu pale kwenye geti la bluu."

"Marahaba. Nani kakuachia jua hili? Njoo." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu na mweusi kwa mkaa, na alinikinga jua kwa kivuli cha magunia. Tukaanza kurudi.

Mama Sauda, jirani yetu, ndiye aliyetuona. Alimwona mwanamume asiyemjua, mchafu kwa masizi, amenishika mkono. Alipiga yowe moja tu. Sijui watu walitoka wapi. Walikuja na fimbo, na matofali, na wale vijana wa kona waliocheka ndio waliokuwa mbele. Baiskeli ilianguka, mkaa ukamwagika. Nikasikia mtu akipigwa, na ule mlio sijawahi kuusahau, maana nilikuwa bado nimemshika mkono na nilihisi pigo likipita kwake likinifikia mimi.

"Mwizi wa watoto! Mchomeni!"

"Mimi namrudisha!" mzee akapiga kelele. "Natoka Ntalikwa na mkaa wangu, namrudisha mtoto!"

Nililia, "Ananirudisha! Ananirudisha!" lakini nilikuwa nasema kwa sauti ya mtoto, chini ya mikono ya watu wazima. Maganga alifika akikimbia kutoka stesheni, bisibisi bado mkononi. Alijitupa juu ya mzee. Akapigwa naye, tofali la bega, kabla hawajamtambua. Kisha akainua kichwa akaniuliza mimi, siyo wao, mbele ya watu wote: "Mdogo. Huyu amekufanya nini?"

"Ananirudisha nyumbani."

Fimbo zikashuka. Mama Sauda akaanza kulia na kuokota mkaa kwa mikono. Mzee alikaa chini, damu ikimtoka sikioni, akasema tu, "Mfungeni mtoto wenu vizuri." Maganga akamwosha, akambeba hospitali kwa baiskeli. Alipona, Mungu asifiwe, ingawa sikio lile halikusikia tena.

Mchana ule Maganga alinikalisha kitandani. "Kwa nini ulitoka?"

"Si umewaondoa?"

"Nani?"

"Wenye nyavu."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Halafu akakichukua kigemu, akafungua mahali pa mafaili, akanionyesha majina mawili yaliyofanana, moja likiwa na alama mwishoni. Akafungua lile lisilo na alama. Jua jeupe likanipiga machoni. Wenye nyavu wakatoka vichakani, wote.

"Hawa wapo," akasema. "Sikuwagusa. Siwezi kuwagusa. Nilikutengenezea pembeni tu, upumzike." Akakizima kigemu. "Ningekuambia. Nilidhani unajua."

Usiku ule kulikuwa na maneno kati yake na Mama, mimi nikiwa chumbani. Kuna kituo mbali, upande wa kaskazini, shule ya bweni yenye ukuta, watoto kama mimi wanatunzwa. Mama alikuwa ameshaambiwa habari zake kanisani na alikuwa amekataa.

"Mama, kule ndiko kumfungia zaidi."

"Kule kuna ukuta na mlinzi mwenye bunduki. Wewe una nini, Maganga? Una bisibisi."

"Nitashinda naye. Nitahamishia kazi hapa."

"Na siku ukiitwa msalani?" Kisha Mama akasema taratibu, "Leo nimeona wanavyomlinda. Wamekaribia kumuua mtu kwa kumlinda. Sitaki kuona siku watakaposhindwa."

Tuliondoka kwa basi, Mama na mimi, dirisha limefunikwa khanga. Sikuona njia.

Kituoni tulikuwa wengi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu wa kawaida, na hilo lilinifurahisha kwa muda mfupi. Geti lilikuwa la chuma na halikufunguliwa ila kwa gari la chakula. Mlezi alikitunza kigemu changu kabatini na alitupatia Jumapili mchana. Wenzangu walipanga foleni. Niliwaonyesha mafaili yote mawili, na wote, wakubwa kwa wadogo, walichagua lenye alama. Walitaka kutembea tu. Walipokezana kile kijiji cha zambarau, wakienda bombani na kurudi, wakipita njia ya Kwihara bila kukimbia, na kila mmoja akasema yule mwenye nywele za mahindi ni yeye. Msichana mmoja mkubwa alimfikisha mtoto kwenye kichaka akamwacha amesimama pale zamu yake yote, akitazama.

Mimi sikuweza tena. Zamu yangu ikifika nilifungua lile la asili.

Maganga alikuja Jumapili ya wageni, na mkate, na sabuni. Tulikaa kwenye benchi karibu na uzio, zamu yangu ikiwa imefika. Aliwatazama wenzangu wakisubiri zamu zao, kisha akanitazama mimi.

"Na wewe unacheza ule wenye alama?"

"Nacheza huu."

"Unafika wapi?"

"Kisimani, palipo bomba letu. Wananikamata pale."

"Nikuongezee maisha? Nipunguze mwendo wao? Kidogo tu, na nitasema kwenye jina."

"Hapana, kaka. Waache."

Akasogea karibu, akaweka kiganja juu ya kioo kunikinga mwanga. Hakushika vitufe. Aliniambia tu, polepole, yule wa kushoto hutoka wapi na huchelewa kiasi gani, na kwamba hawaoni mtu akisimama nyuma ya ukuta. Nilipita kichaka cha kwanza, nikapita cha pili. Nikafika kisimani, wakanikamata.

"Tena," akasema.

Mlinzi akaita kwamba muda wa wageni umekwisha. Maganga akanishika kichwa juu ya kofia, akainuka. Sikuweza kuona mbali, naye alijua, kwa hiyo alipotoka getini alipiga mluzi, akaendelea kupiga akitembea, ili nijue amefika wapi. Nilimfuata kwa masikio mpaka barabarani. Kisha basi likaja na mlio wake, na lilipoondoka hapakuwa na mluzi.

Mlezi alinyoosha mkono. Nikampa kigemu.